Mlezi wangu anataka nisimulie kifungo cha mama mbele ya wageni

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu kutoka Kireka, hapa pembeni mwa Kampala. Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 22, mzaliwa wa Busia upande wa Uganda. Naomba jina langu usilitoe, na ukiona jambo lolote linaloweza kumtambulisha mama yangu, liondoe.

Mimi ndiye kifunguamimba, tuko wanne. Baba aliondoka nikiwa mdogo, mama akatulea kwa biashara ya dagaa, hawa tunaowaita mukene. Alinunua kwa gunia na kuuza kwa vikombe sokoni, na wateja wake wengi walikuwa Wakenya wanaovuka mpaka asubuhi na kurudi kwao jioni. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona nilikuwa Siniya ya Pili, yaani kidato cha pili. Mpaka nao ukafungwa, yakawa yanapita malori ya mizigo tu. Mama alikuwa ameshachukua mkopo wa kuongeza mtaji. Mukene wakaozea ndani, riba ikapanda, na mwaka uliofuata aliyemkopesha akamfikisha mahakamani. Mama hakuwa na cha kulipa. Akafungwa kwa deni, miezi kadhaa.

Wadogo zangu wawili walichukuliwa na bibi kijijini. Dada anayenifuata alipelekwa Tororo kwa jamaa, akawa kama mfanyakazi wa nyumbani. Mimi nilibaki Busia, nikabeba sukari na mafuta ya kula usiku kwa njia za panya, na kulala sokoni chini ya meza ileile ya mama. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, wenzangu walirudi. Mimi sikurudi.

Kilichonitoa pale ni kijana mmoja aliyekuja kuzungumza nasi kuhusu mradi wa kuwaandaa vijana kwa kazi. Alitueleza alivyokuwa akichoma chapati kando ya barabara, alivyofukuzwa getini kila alipoomba kazi, na namna alivyojifunza kuandika barua ya maombi hadi akaajiriwa. Niliondoka pale nikijiambia, kumbe hata mimi. Nikaomba nafasi, nikapata. Mafunzo yalikuwa ya miezi sita: kompyuta, kumbukumbu za stoo, kuzungumza na wateja, kufika kazini kwa wakati. Kila kijana alipewa mlezi. Wangu ni mama aliyefanya kazi miaka mingi katika idara ya wafanyakazi ya kampani moja. Tunamwita Madamu.

Shangazi, Madamu amenifanyia mambo ambayo hata ndugu wa damu hakuyafanya. Alinifundisha kuandika wasifu. Alinifundisha kukaa kwenye intavyu bila kutazama sakafu. Mimi niliogopa sana kuulizwa kwa nini sikumaliza shule. Akaniambia, “Sema ukweli, kwa ufupi, halafu rudi kwenye kazi.” Shati nililovaa siku ya intavyu alininunulia yeye. Sasa niko Namanve, msaidizi wa stoo katika kiwanda kimoja, nipo kwenye kipindi cha majaribio. Barua ya kazi bado sijapewa ila mshahara wa kwanza nimeupokea, na mdogo wangu mmoja amerudi darasani kwa sababu yake.

Mwezi ujao kuna sherehe ya kuhitimu. Watakuja wafadhili, watakuja waajiri, na bosi wangu amealikwa. Madamu ameniomba nizungumze kwa niaba ya wenzangu. Nilifurahi. Nikaandika ukurasa mmoja kuhusu stoo, kuhusu siku ya kwanza niliyohesabu mzigo ukalingana na karatasi. Mahali fulani niliandika tu “baada ya matatizo ya nyumbani”. Madamu alinirudishia karatasi akiwa ameyazungushia maneno hayo kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: “Hapa ndipo penyewe. Gereza. Anza hapa.”

Yeye anajua kwa sababu nilimwambia siku moja nilipolemewa. Sikumwambia ili aje awaambie wengine. Anasema watu wakisikia nilikotoka watachangia zaidi, na vijana wengi watapata nafasi niliyopata mimi. Pia itachukuliwa video, wataiweka mtandaoni.

Mama anakuja. Ameshashona gomesi mpya, lile gauni letu la heshima, kwa ajili ya siku hiyo. Sasa amerudi sokoni na watu wanamheshimu, na nyumbani kwetu yale mambo ya gereza hatuyataji. Hotuba itakuwa kwa Kiingereza, na mama Kiingereza chake ni cha salamu. Nimepata wazo baya linaloninyima usingizi: nitasimama mbele nimseme mama yangu, na yeye atakaa pale anapiga makofi bila kujua kwamba anasemwa yeye.

Dada yangu aliyekuwa Tororo ameomba kuingia kundi lijalo la mradi huohuo. Hakuna aliyeniambia kwamba nikikataa atanyimwa. Lakini naogopa. Na nikimfikiria Madamu, naona sina haki ya kumkatalia. Bila yeye ningekuwa bado nabeba sukari usiku.

Nifanyeje, Shangazi?

Mtunza Stoo, Kireka

---

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Kabla ya yote nikupe pole kwa yale mliyopitia, na hongera kwa kazi. Mtu aliyelala chini ya meza ya sokoni akaja kuaminiwa funguo za stoo ametembea mbali. Hongera hiyo ichukue kwanza, mengine yatafuata.

Ninavyokuelewa, unavutwa na mapenzi mawili, na yote ni ya kweli. Kuna mama aliyekuzaa, ambaye aibu yake umeibeba kimya miaka yote hii. Na kuna Madamu aliyekuinua, ambaye kwa mara ya kwanza amekuomba kitu. Juu yake kuna woga: bosi, dada, video. Vitu hivi vimejifunga fundo moja kichwani mwako, ndiyo maana usingizi umepotea. Tuvifungue kimoja kimoja, na uamuzi nitakuachia wewe, kwa sababu wewe ndiye utakayesimama pale mbele.

Nianze na neno lako lililonigusa kuliko mengine: “sina haki ya kumkatalia.” Hebu tulitazame. Madamu amekupa muda wake, maarifa yake, na shati. Kumshukuru ni wajibu, na mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kulisahau hilo. Lakini shukrani yako kwake inaweza kulipwa kwa vitu vilivyo vyako: bidii yako kazini, jina lako zuri pale Namanve, muda wako kwa vijana wanaokuja nyuma. Kifungo cha mama ni chako kwa sehemu tu. Wewe ulilala sokoni, hiyo ni habari yako. Yeye alisimama mbele ya hakimu na kulala gerezani, hiyo ni habari yake. Ulipomsimulia Madamu ulikuwa unatua mzigo kwa mtu unayemwamini, na hukukosea hata kidogo. Kuusimulia ukumbi mzima ni jambo jingine, na sidhani kwamba la kwanza linakulazimisha la pili.

Lakini tusimhukumu Madamu pia. Nimewafahamu watu wa miradi kama hii. Wengi wao kila mwaka wanahangaika na swali moja: fedha za kundi lijalo zitatoka wapi? Wanajua kwamba mgeni aliyekuja amechoka, akisikia neno “gereza”, huinua kichwa. Nchi hii ina vijana kupita kiasi wanaotafuta pa kuanzia. Sensa ya mwaka 2024 ilituhesabu karibu milioni 46, na karibu nusu yetu ni watoto chini ya miaka 18. Shule zetu zilifungwa karibu miaka miwili, na kila kijiji kina kijana wa Siniya ya Pili ambaye hakurudi. Madamu anawaona hao kila siku. Alipoizungushia ile sehemu kalamu nyekundu, pengine aliwafikiria wao, akasahau kidogo kwamba aliyeandika ni mtu mwenye mama. Hilo linaweza kumtokea mtu mwema, na mara nyingi mtu huyo akiambiwa kwa upole husikia.

Na je, ana hoja? Anayo. Wewe mwenyewe uliingia mradini kwa sababu kijana mmoja alisimama akasimulia. Bila simulizi yake usingekuwa Namanve. Lakini soma tena ulichoniandikia kumhusu. Umekumbuka chapati, umekumbuka geti alilofukuzwa, umekumbuka barua ya maombi. Kuhusu wazazi wake hukuniambia neno. Labda alisema ukasahau, labda hakusema. Kilichokuingia moyoni ni njia aliyopita hadi kazini, kwa sababu ndiyo njia uliyokuwa ukiitafuta.

Sasa mama. Umeandika kana kwamba unajua atakavyojisikia. Unaweza kuwa sahihi. Lakini umeniambia pia kwamba nyumbani jambo hilo halitajwi, maana yake hujawahi kumsikia akilizungumza. Wapo akina mama ambao gereza limebaki jeraha wasilotaka liguswe hadi wanaingia kaburini. Wapo pia ambao wamenyamaza kwa ajili ya watoto, huku watoto nao wakinyamaza kwa ajili yao, na kila mmoja anamlinda mwenzake na kitu ambacho wote wanakijua. Mimi sijui mama yako ni yupi kati ya hao. Wewe pia, nadhani, hujui bado.

Kuna kitu kimoja ningependa akisikie kutoka kwako, hata kama hutazungumza popote: kufungwa kwa deni si kufungwa kwa uhalifu. Ni kesi ya madai. Hakuiba, hakumdhulumu mtu. Alikopa ili awalishe, mpaka ukafungwa, mzigo ukaoza. Katika masoko yetu wapo wanawake wengi waliokopa namna hiyo, na waliokosa usingizi kwa sababu ya deni ni wengi kuliko wanaokiri. Kama aibu imekaa ndani ya nyumba yenu miaka yote hii, huenda imekaa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia mama maneno hayo uso kwa uso.

Ukiamua kumuuliza, usimuulize kwa simu akiwa sokoni na wateja wamemzunguka. Na usimuulize kwa namna ambayo hawezi kukataa. “Mama, Madamu anataka niseme, wafadhili watasaidia watoto wengi, wewe waonaje?” Hapo umeshamfunga mikono. Afadhali umwambie mambo yalivyo: nimeombwa niseme mambo yetu, mimi sijakubali, na ukisema hapana jambo limeisha na hakuna atakayejua nilikuuliza. Uwe tayari pia kwa majibu usiyoyatarajia. Anaweza kulia. Anaweza kukasirika kwamba ulimwambia Madamu. Anaweza kusema, “Sema, mwanangu, wajue tulivyoteseka,” halafu baadaye akajuta. Ndiyo maana hata akikubali, mpe siku chache umuulize tena. Na akikubali, mweleze kabla ya siku hiyo, kwa lugha yake, kila neno utakalosema. Lile wazo la mama anayepiga makofi bila kujua linakutesa kwa sababu dhamiri yako inafanya kazi. Lisikilize.

Kuhusu njia zilizo mbele yako, naziona kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kusimulia yote. Ikiwa mama ameridhia kwa moyo, inaweza kuwa siku ya kuwafungua nyote wawili. Hatari kubwa, kwa maoni yangu, ni ile video. Maneno ya ukumbini husahaulika wiki ijayo, lakini video itamfikia jirani yenu wa Busia kwenye simu yake, na mwaka wa tano itamfikia mwajiri mwingine. Kuhusu hilo sheria inakulinda kidogo: Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo kwa kawaida inataka mtu aridhie kabla ya habari zake kukusanywa na kutumiwa, na habari za fedha na za afya imeziweka kwenye kundi linalolindwa zaidi. Kwa hiyo una haki ya kuuliza video itakwenda wapi na itakaa muda gani, na kusema kwamba utazungumza lakini hutaki kurekodiwa. Hilo pekee linaweza kupunguza nusu ya mzigo wako.

Unaweza kukataa kuzungumza kabisa, ukabaki mhitimu kama wenzako. Hapo mama yuko salama. Gharama yake ni kwamba ulikuwa umefurahi kuombwa, na furaha hiyo ilikuwa halali. Nisingependa uinyang’anywe na jambo ambalo pengine lingeweza kurekebishwa kwa mazungumzo.

Na ipo njia iliyo katikati, ambayo naona kama tayari ulikuwa umeianza kwenye ule ukurasa wako: useme yaliyo yako. Shule zilifungwa, biashara ya nyumbani ikaanguka, familia ikatawanyika, ukabeba mizigo usiku, ukalala sokoni. Hayo si madogo, na hakuna hata moja linalomtaja mama mahakamani. Kisha uende kwenye ile siku ya mzigo kulingana na karatasi, ambayo mimi nilipoisoma nilitabasamu. Madamu mwenyewe alikufundisha: sema ukweli, kwa ufupi, halafu rudi kwenye kazi. Unaweza kumkumbusha somo lake hilo, kwa heshima. Gharama ya njia hii ni kwamba huenda asiridhike, na wewe utalazimika kustahimili kutomridhisha mtu unayempenda. Tena jihadhari na kitu kimoja. Hata maneno “familia ikatawanyika” yanaweza kumfanya mgeni akuulize mbele za watu, “Kwa nini?” Jibu lako liwe tayari mapema, fupi, ili usishtukizwe.

Bosi wako. Hukusema wazi, lakini nadhani unaogopa akijua atakutazama vingine. Anaweza. Anaweza pia kukuheshimu zaidi. Watu wa viwandani nao wana mama zao na madeni yao. Nisikufiche lakini: katika kipindi cha majaribio ajira yako ni nyepesi, na sheria inaruhusu kila upande kuvunja mkataba kwa notisi isiyopungua siku 14. Kama ungeniuliza ni nani katika ukumbi ule ambaye ningependa asikie habari zako kutoka kwako binafsi, au asizisikie kabisa, ningemtaja yeye. Na kwa kuwa tumeigusa kazi, hili halimo katika swali lako lakini siwezi kuliacha: ile barua ya kazi iulizie. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu ulipoanza. Muulize kwa adabu. Na ukiona makato ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, hakikisha umesajiliwa: wewe unatoa asilimia 5 na yeye anaongeza 10. Uliyekulia katika nyumba iliyoangushwa na karatasi za mkopo usizembee na karatasi zako.

Limebaki la dada, ambalo naona ndilo linalokubana kifuani. Umesema hakuna aliyekutishia. Nakuamini, na pia nakuelewa kwa nini unaogopa hata hivyo: mtu aliyewahi kupoteza kila kitu huona kila “hapana” inaweza kumrudisha alikotoka. Lakini woga huu unaweza kuupima. Nenda kwa Madamu, msikae ofisini mbele ya watu, mkae mahali pa utulivu. Ukifika anza na shukrani, na shati ulitaje. Halafu umwambie kuhusu gomesi, na kuhusu makofi, kama ulivyoniandikia mimi. Sidhani kwamba analijua hilo. Alipoandika “Anza hapa” alikuwa anaona karatasi. Mama yako ameketi ukumbini hakumwona. Kisha umuulize waziwazi: maombi ya dada yangu yanaamuliwaje, na nani? Usiliunganishe na hotuba, liwe swali lake peke yake. Mradi unaoendeshwa vizuri una fomu, una intavyu, una watu kadhaa wanaochagua, na atakueleza. Akisitasita, au akikuambia kwamba hayo mawili yanakwenda pamoja, utakuwa umejua jambo zito kuhusu mradi huo kabla dada hajaingia, na hapo uniandikie tena haraka, tutazungumza mengine.

Fanya hivyo mapema, wiki hii ikiwezekana, programu ya sherehe ikiwa haijachapishwa, ili Madamu naye apate nafasi ya kupanga upya bila kuaibika. Na ule ukurasa wako wa kwanza usiuchane.

Wako,
Shangazi